Kichujio cha tangi la kuzalishia samaki: kipi uanze nacho, kipi ukiache dukani

Ukienda kununua kichujio, muuzaji atataka kwanza kujua tangi lako lina lita ngapi. Kwa tangi la mapambo hilo linatosha. Kwa tangi la kuzalishia, kinachohitaji kujulikana ni ukubwa wa kiumbe mdogo kuliko wote atakayeishi humo. Kifaranga wa gapi, samaki mdogo wa mapambo anayezaa badala ya kutaga, huzaliwa na milimita 6 hadi 8 hivi, na papo hapo anajua kukimbia. Wa beta, samaki mwingine wa mapambo, ana kama milimita 3 tu, na siku za mwanzo hata kuogelea hajui. Artemia wachanga, yaani vijikamba vidogo watakaoliwa na vifaranga hao, ni wa nusu milimita hivi. Kichujio chenye nguvu huvuta mlaji na chakula chake kwa pamoja.

Kwa hiyo nimevipanga vichujio kwa kuangalia mambo mawili: mdomo unaovuta maji una hatari gani, na ndani mna nafasi kiasi gani ya bakteria kukaa. Ile namba ya lita kwa saa inayoandikwa kubwa kwenye boksi nimeiweka nyuma kabisa.

Bakteria wana uzito kwa sababu vifaranga hulishwa mara kadhaa kwa siku. Mabaki na kinyesi hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile, kisha kuwa nitrati, ambayo unaiondoa kwa kubadilisha maji. Hawa hawaelei ovyo majini. Wanang'ang'ania kwenye nyuso za vitu, na sponji ina nyuso nyingi kuliko plastiki tupu.

Nafasi ya kwanza: kichujio cha sponji cha pampu ya hewa

Hapa sina mjadala. Hewa hupanda ndani ya bomba, inabeba maji, na maji mengine huingia taratibu kupitia sponji yote. Hakuna mahali pamoja penye mvuto mkali, kwa hiyo hata kifaranga dhaifu anaweza kuigusa sponji na kuondoka salama. Zaidi ya hapo, sponji iliyokaa muda huota vijidudu, na utawaona vifaranga wakiidonoa kutwa.

Unaponunua, ikague sponji yenyewe. Yenye matundu 20 hadi 30 kwa inchi inafaa matangi mengi ya vifaranga. Laini kupita hapo huziba upesi, na ya matundu makubwa huruhusu wadogo kujipenyeza ndani. Chagua yenye kitako kizito, maana sponji mpya hupenda kuelea. Ya pande mbili ni bora kuliko ya upande mmoja: unaosha moja leo, nyingine wiki ijayo, na bakteria hawapotei wote kwa mkupuo. Ioshe kwa kuikamua ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Maji ya bomba yenye klorini yanaua bakteria uliokaa wiki nyingi ukiwalea.

Kasoro zake ni za kuvumilika. Inaguruma na kububujika, inachukua nafasi, na haina urembo wowote. Kwa beta dume anayejenga kiota cha mapovu, punguza hewa hadi mapovu yatoke moja moja, la sivyo kiota kitasambaratika.

Nafasi ya pili: ukuta wa sponji

Hiki kinajulikana kwa jina la Hamburg, Ujerumani. Ni kipande cha sponji, aghalabu cha unene wa sentimita 5, kinachosimama kutoka upande hadi upande wa tangi, na maji huvutwa kutoka nyuma yake. Kanuni inayofuatwa ni maji kupita kwenye sponji kwa mwendo wa sentimita 5 hadi 10 kwa dakika. Sponji ya sentimita 30 kwa 30 basi inahitaji lita 270 hadi 540 kwa saa, si zaidi. Kikishakomaa kinaweza kukaa miezi mingi bila kuoshwa. Kimeshika nafasi ya pili kwa sababu kinakula sehemu ya tangi na lazima kikatwe kwa kipimo chako. Kikiacha mwanya pembeni, vifaranga watahamia nyuma. Kwa mwenye matangi mengi ya kukuzia, mimi ningekiweka sawa na cha kwanza.

Nafasi ya tatu: cha kuning'inia ukingoni

Kinafaa tangi la wazazi, au la vifaranga waliokwisha kukua kidogo, kwa sharti moja: mdomo wake uvishwe sponji. Bila sponji hiyo kishuke hadi mkiani. Angalia pia kama kina kidhibiti cha mwendo, kwa sababu maji yanayoporomoka huwachosha wadogo.

Kiboksi cha plastiki cha kona, chenye pamba ndani, kinafuata. Ni cha hewa, hakiumizi, kinashika uchafu laini vizuri kuliko sponji; lakini pamba huisha, na ukiitupa unatupa bakteria pia.

Vichujio vya kopo vinavyokaa nje ya tangi ni vizuri kwa jozi kubwa za samaki wa jamii ya sikilidi. Kwa vifaranga ni nguvu isiyo na kazi. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria waliofungiwa ndani hukosa oksijeni, na ukikiwasha bila kumwaga maji yale unarudisha uozo tangini. Cha pampu ya kuzamishwa ningekiacha dukani. Cha chini ya changarawe pia: matangi ya kuzalishia huachwa sakafu wazi ili uchafu uonekane na unyonywe, na chenyewe hakifanyi kazi bila changarawe.

Vya kubeba pamoja na kichujio

Chukua vali ya kuzuia maji yasirudi kwenye mrija wa hewa, maana pampu iliyo chini ya usawa wa maji ikizimika, maji yanaweza kushuka hadi kwenye pampu na sakafuni. Ongeza pampu ndogo ya betri kwa siku ya giza. Kisha nunua sponji ya ziada uiweke leo kwenye tangi la wazazi. Kichujio kipya huchukua wiki 4 hadi 6 kupata bakteria wa kutosha, na mayai hayatakungoja. Sponji hiyo utaihamisha ikiwa tayari na bakteria wake siku utakapoyaona.