Chetezo, ubani na asumini: uzoefu wangu wa kuachana na manukato ya kopo

Makopo ya kupuliza yameondoka nyumbani kwangu na hayarudi. Mwanangu wa mwisho ana pumu, na daktari alituambia wazi kwamba manukato ya kupuliza ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kumbana kifua. Basi nikageukia vitu vyetu vya pwani, nikavijaribu kimoja baada ya kingine, nikitaka kujua kipi kinafanya kazi kweli na kipi kinavuma tu. Naandika kwa anayeishi kwenye fleti kama yangu hapa Tudor, Mombasa: jiko dogo, choo chenye kidirisha cha juu tu, na kabati linalonuka ukungu kila masika yakiingia.

Kabla hujatoa hata shilingi, tafuta harufu inatoka wapi. Mombasa maji ni ya mgao, na kuna vyoo na masinki yanayokaa muda bila kutumika. Chini ya kila sinki, na kwenye tundu la maji la bafuni, kuna mpindo wa bomba unaobaki na maji kidogo. Maji hayo ndiyo yanayoizuia hewa ya shimo isipande. Yakikauka, harufu yote inakuja ndani, na hapo hata ukifukiza gunia zima la ubani hufui dafu. Mwaga jagi moja la maji kwenye kila tundu, ngoja kidogo, kisha nusa tena. Nina jirani aliyekuwa akilaumu mfereji wa barabarani, kumbe shida ilikuwa bafu la wageni.

Baada ya hapo ni upepo, na huo ni wa bure. Kusi huvuma toka kama mwezi wa nne hadi wa tisa, kaskazi inashika Disemba mpaka Machi, na katikati kuna zile wiki ambapo hewa inasimama na kila kitu kinanata. Mimi hufungua dirisha la sebuleni na mlango wa jikoni kwa pamoja, upepo uingie huku utokee kule. Dirisha moja peke yake halifai sana, hewa inazunguka palepale. Mama yangu ni mzaliwa wa Kibokoni, na akija kwangu hufungua madirisha kabla hajavua buibui. Amekulia nyumba ya Mji wa Kale, kuta nene za mawe na chokaa, dari iko juu, joto linapanda na kutoka. Hizi fleti zetu dari ziko karibu na kichwa, kwa hiyo lazima mwenyewe uufanyie upepo njia. Nafungua alfajiri, kabla matatu hazijaanza kutoa moshi barabarani, na tena baada ya alasiri.

Magadi soda, ile ya kutilia mandazi na wala si magadi ya kuchemshia maharage, inafaa kwa vitu viwili: friji na godoro. Nyunyiza juu ya godoro asubuhi, liache mpaka mchana, kisha pangusa vizuri kwa brashi. Harufu ya jasho na ya mkojo wa mtoto inapungua sana. Kwenye kabati la nguo sikuona kitu. Huko nimeweka vipande vya mkaa ndani ya mfuko wa kitambaa, navyo vinasaidia kiasi, mradi uvitoe juani mara kwa mara vikauke. Lakini nguo zikiingia kabatini na unyevu, hakuna mkaa utakaoziokoa. Masika zianike karibu na feni, na usizikunje mpaka mshono wa kiunoni uwe mkavu kabisa. Hapo ndipo maji hujificha.

Samaki ndiye mtihani mkubwa wa nyumba ya Mombasa. Kwetu changu na tasi haviishi, na ng'onda akipikwa jengo zima linajua. Hapa ndimu inastahili sifa zake zote, na sababu yake inaeleweka. Ile harufu inatokana na kemikali za jamii ya amini, ambazo zina asili ya alikali. Uchachu wa ndimu ni asidi, nao unazibana na kuzigeuza chumvi isiyoruka hewani. Ndiyo maana mikono iliyopara samaki haitakati kwa sabuni pekee, lakini ukiisugua na ganda la ndimu inatulia. Siki inafanya kazi ileile. Nimejaribu bakuli la siki kuliacha mezani usiku kucha kama wengi wanavyoshauri, na matokeo yalikuwa hafifu. Kinachosaidia ni kugusa: futa meza, ubao wa kukatia, vigae vya nyuma ya jiko na mpini wa karai kwa kitambaa chenye siki na maji, nusu kwa nusu. Mafuta yanayoruka wakati wa kukaanga ndiyo yanayobeba harufu, na yakishatua kwenye pazia yatakaa humo mpaka ulifue. Mimi nimeling'oa pazia la jikoni, na sijutii.

Sasa chetezo, ambacho ndicho kitu nilichokinunua kwa hamu zaidi. Changu ni cha udongo, nilikipata kwenye vibanda vya karibu na soko la Marikiti, na hakikufika shilingi mia tatu. Ndani nimetia mchanga kidogo chini ya kaa, kwa sababu udongo ukipata moto ghafla hupasuka. Makaa ndiyo yaliyonisumbua. Vile vidonge vyeusi vya mviringo vinavyoshika moto mara moja kwa kiberiti vinauzwa kila mahali, lakini vinawaka upesi kwa sababu vimetiwa kemikali ya kusaidia moto, na dakika za mwanzo vinatoa harufu ya baruti. Mtu aliyekimbia manukato ya kopo hana sababu ya kuvileta hivyo ndani. Nimerudi kwenye makaa ya vifuu. Naliweka kaa juu ya moto wa gesi, nalishika kwa koleo mpaka liwe jekundu pande zote, halafu nalingoja livae jivu. Jivu ni muhimu. Ukitupa ubani juu ya kaa jekundu tupu, unaungua papo hapo na kutoa moshi mweusi mkali. Kwenye kaa lenye jivu, chembe inayeyuka polepole, inachemka vipovu vidogo, na moshi unapanda mweupe, mwembamba, wenye harufu ya ndimu mbichi kwanza kisha ya utomvu wa mti. Chembe ya ukubwa wa punje ya hindi inatosha chumba. Ikishabaki doa jeusi, liondoe kwa koleo kabla halijaanza kunuka.

Ubani ni utomvu uliokauka, na mwingi unaofika kwetu unatoka Somalia, na ng'ambo huko Yemen na Oman pia. Nachagua vipande vya rangi ya manjano hafifu, vinavyopitisha mwanga ukiviinua dirishani. Vumbi la chini ya gunia ni rahisi, lakini limechanganyika na maganda na linaungua vibaya. Mzee mmoja muuzaji aliniambia, "Mwanangu, tafuna kidogo. Mzuri unashikana mdomoni, mbaya unabaki mchanga." Nimetafuna, na ni kweli.

Lakini niseme wazi jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Moshi wa ubani hausafishi hewa. Moshi ni moshi, unaongeza chembechembe kwenye hewa unayoivuta, hata ukinukia namna gani. Na kaa linalowaka linatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo katika chumba kilichofungwa inaua. Usilale na chetezo chenye moto, usikiache chumba cha mtoto mchanga au cha mgonjwa, hata kama bibi alikuwa akifanya hivyo. Mimi nafukiza mwanangu akiwa madrasa, madirisha yote wazi, na kaa nalizima kwa maji kabla hajarudi. Moshi unakuwa umetoka, na kwenye mapazia na mito ya sebuleni inabaki harufu laini ambayo hadi leo haijamsumbua. Mwenye mtoto wa pumu aulize daktari wake kwanza, maana vifua havilingani. Kwa nyumba isiyo na mgonjwa wa kifua, chetezo nakipa alama nne kwa tano.

Udi nimeuweka kando mpaka sikukuu na harusi. Udi wa asili ni mbao za miti ya Aquilaria ya Asia ya Kusini-Mashariki. Mti ukishambuliwa na kuvu, unajaza utomvu mweusi pale penye kidonda, na mbao hiyo ndiyo inayolipiwa pesa nyingi. Udi wa bei ya kawaida unaouzwa kwenye vichupa na vikopo ni vipande vya mbao vilivyopikwa na sukari na mafuta ya manukato, na mengi ya mafuta hayo yametengenezwa kiwandani. Unanukia vizuri, sikatai, na kina mama wanaoupika wana ufundi mkubwa. Ila kwa mtu anayekwepa kemikali, lazima umuulize mpishi ametia nini.

Na asumini! Hii ndiyo ninayoipenda kuliko vyote, nayo haina moshi. Jioni inauzwa ikiwa bado vitumba vilivyofumba, imetungwa kwa uzi. Ua hili hufumbuka jua likishazama na harufu yake huzidi usiku, kwa hiyo usinunue iliyokwisha fumbuka, hiyo imeshatoa nusu ya utamu wake. Naweka koja moja kwenye kisahani chenye maji kidogo sebuleni, na maua machache kwenye mto. Asubuhi yameshageuka rangi ya hudhurungi, unayatupa. Nimeotesha pia mrehani kwenye kopo la rangi dirishani jikoni, nikipita naupapasa tu na jiko lote linanukia. Nikipata maua ya langilangi nachanganya. Alama tano kamili, ingawa wiki za mvua kubwa asumini inaadimika na bei inapanda.

Mimea ya vyungu inayouzwa kwa maelezo kwamba "inasafisha hewa", nunua kwa uzuri wake tu. Maneno hayo yalianzia kwenye utafiti wa NASA wa mwaka 1989, uliofanywa ndani ya visanduku vilivyozibwa. Uchambuzi uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba ili mimea ishindane na dirisha lililofunguliwa, ungehitaji kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Sebule yangu haina hata nafasi ya kochi la pili.

Karafuu na mdalasini kwenye sufuria ya maji, moto mdogo: inanukia sana, lakini bei ya gesi ya siku hizi hairuhusu kuchemsha maji yasiyonywewa. Mimi nayafanya mara moja chai ikishaiva, kwa moto uleule.

Ukienda Marikiti kutafuta ubani, nenda asubuhi wauzaji wakiwa na nafasi, na umwombe akuwekee chembe moja kwenye kaa lake unuse kabla ya kulipa. Wengi hukubali bila shida. Asiyekubali, mshukuru na uhamie kibanda cha pili.