Jambiani wakati wa masika: nyumba niliyoichagua kwa paa lake

Mei 2024 nilipoteza laki mbili. Nilikuwa nimeshalipia vyumba Unguja, kikaja Kimbunga Hidaya, boti za Dar na Zanzibar zikasitishwa, na tarehe 4 kimbunga kikatua Mafia. Mwenye nyumba yule alikataa kurudisha hela, akakataa pia kubadilisha tarehe. Ndiyo maana Aprili hii, kabla hata ya kuuliza bei, nilimuuliza mama mwenye nyumba hii ya wageni ya Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, mambo mawili. Boti zisipotembea, hela yangu inakuwaje? Na paa lako ni la nini?

"Boti isipokuja utakuja siku nyengine kwa hela ile ile, mwanangu. Paa, juu makuti, chini bati." Nikalipa hapohapo. Shilingi 70,000 kwa usiku. Agosti anatoza 130,000.

Nilikwenda na mama yangu, ana miaka 68. Safari nusura iishie Jangwani, hapa Dar. Mvua ilikesha, mto Msimbazi ukapanda, barabara ikafungwa, na sisi tunatoka Kimara kuwahi boti ya saa 1 asubuhi. Habari tulizipata tukiwa Ubungo. Dereva akakata Mandela, Tabata, Buguruni, tukafika bandarini zimebaki dakika 15. Ukikaa upande wetu wa mji, ondoka mapema kuliko unavyodhani.

Mama alikuwa na hofu ya bahari kuliko mvua, lakini maji yalikuwa shwari. Mawimbi ya kutapisha watu ni ya upepo wa kusi, Juni mpaka Agosti, hata jua likiwaka. Aprili kaskazi imekwisha na kusi haijashika vizuri. Hata hivyo nilisoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kila jioni kwa siku tano kabla ya safari, na nilichotafuta ni upepo na mawimbi. Mvua nilijua ipo.

Tulikaa siku nne. Siku tatu mvua ilianza usiku wa manane, ikakatika kwenye saa 4 asubuhi, na mchana jua likatoka. Hapo ndipo mama mwenye nyumba anapostahili sifa. Kalenda ya maji kaibandika mlangoni, na usiku wa kwanza alituambia tumefika wakati wa bamvu: asubuhi maji yatakupwa mbali kabisa, yatajaa saa 10 jioni. Kwa hiyo asubuhi ya mvua hatukupoteza kitu, maana hata bahari yenyewe haikuwepo. Tuliwaona kina mama wa mwani wakienda mashambani kwao na mvua ile ile. Mmoja alituambia masika ni mateso kwao, mwani hauaniki, ukinyeshewa unaharibika. Jioni tukaogelea mpaka magharibi. Nilitaka pia kwenda kuangalia samaki mwambani. Nahodha akakataa kuchukua hela yangu, akasema maji yamechafuka, sitaona kitu. Nilimheshimu sana.

Siku ya pili ilinyesha kutwa. Kama tungekuwa na chumba na kitanda tu, tungeondoka. Ila nyumba hii ina baraza pana, imeinuliwa ngazi tatu kutoka ardhini, paa limetoka nje kiasi kwamba mvua ya upepo haikutufikia. Mama alikaa kwenye mkeka tangu asubuhi, wakaongea na mwenye nyumba kama waliozaliwa pamoja. Samaki hakuna, tuliambiwa mapema, wavuvi hawajatoka. Tukala mikate ya kumimina na maharage ya nazi. Nimekula hotelini kwa bei mara tatu sijashiba hivyo.

Ya kurekebisha yapo. Taulo hazikukauka siku zote nne, na shuka zilikuwa na ubaridi wa unyevu kila usiku. Chandarua chetu kilikuwa na tundu, na mbu wa masika hawasubiri. Njoo na chako. Umeme ulikatika usiku mmoja mpaka alfajiri, tukapewa taa moja ya sola kwa vyumba viwili. Njia kutoka barabara kuu ni tope, mama aliipita kandambili mkononi, nimemshika kiuno.

Ukienda, omba chumba kinachotazama baraza. Cha nyuma, karibu na kisima, usikikubali: maji ya bati yanamwagikia dirishani usiku kucha.