Setilaiti au maboya ya Argo?
Mkulima wa uwele wa Chamwino, Dodoma, anaweza asiione bahari maisha yake yote, lakini mvua yake ya Novemba hadi Aprili huyumba na joto la Bahari ya Hindi. Nani alipime? Setilaiti hupiga jicho eneo kubwa kwa siku moja, ila husoma ngozi ya maji tu, na nyingine wingu huziziba. Boya la Argo, mtandao wa kimataifa wa maboya yanayopima bahari yenyewe, halina haraka: huzama hadi mita 2,000, na kila siku 10 huibuka kutuma vipimo vya joto na chumvi. Mataifa takriban 30 huchangia, na takwimu ni bure, hata kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwenye bando (likiwa halijaisha!). Kwa utabiri wa msimu nachagua boya. Joto lililo chini ya uso wa maji ndilo hukaa miezi. Kimbunga cha kesho? Hapo setilaiti.