Uzoefu wangu: mifuko ya tishu za chooni ya roli 10, usanifu hadi uchapaji

Huduma ninayoitathmini ni kusanifu mfuko wa nailoni wa pakiti ya roli 10, kutengeneza pleti (vibao vya kuchapia) za rangi nne na kuchapa mzigo wa kwanza. Jina la wachapaji naliacha. Uchapaji nawapa nyota 4 kati ya 5, usanifu nyota 3.

Nyota zilianza kupungua kwenye vipimo. Roli ina urefu wa sentimita 10 na kipenyo cha 10.5. Zikipangwa mbili kwa tano, pakiti inakuwa na upana wa 21, kina cha 10 na urefu wa 52.5, kwa hiyo mzunguko wake ni sentimita 62. Sampuli ya kwanza ilikatwa 62 kamili. Hesabu ni sahihi, ila roli hazina kingo za matofali: zikifika safu ya nne mfuko unakaba, mjazaji anavuta, na mshono wa chini uliozibwa kwa moto unafumuka. Tuliongeza sentimita 1.5 kwenye mzunguko na tatizo likaisha. Ukizidisha sana, nailoni inalegea na kufanya makunyanzi. Kwa urefu tulifika 71.5: roli 52.5, mkunjo wa chini 5, wa juu 5, mshono 1 na sehemu ya mshikio 8.

Unene wa mikroni 30 (milimita 0.03) unatosha kwa pakiti nyepesi kama hii. Mshikio ndio uliochanika, na sababu haikuwa unene bali tundu lililokatwa kwa kona kali, kwa kuwa nailoni huanza kupasuka kwenye kona. Tundu la mviringo, juu ya nailoni iliyokunjwa mara mbili, limevumilia.

Mwonekano nao ulihitaji mabishano. Mchoro wa kwanza ulikuwa na maua na manyoya kwenye bluu hafifu, yaani pakiti ile ile iliyojaa madukani. Tukachagua nailoni angavu, inayoonyesha kilicho ndani, yenye mkanda mmoja mpana wa kijani kibichi. Tishu yenyewe ni nyeupe, basi weupe unaupata bila kuulipia wino. Kasoro ya njia hii ni kwamba nafasi kati ya roli huonekana kama vivuli, kwa hiyo maandishi madogo na barkodi lazima vikae juu ya kisanduku cha wino mweupe.

Hapo kwenye barkodi msanifu aliteleza vibaya: aliipaka nyekundu ili ilandane na nembo. Mashine nyingi za kusomea hutumia mwanga mwekundu, na mbele ya mwanga huo mistari myekundu huonekana kama nyeupe tupu. Kijani kibichi au nyeusi husomeka. Ukubwa wa kawaida wa EAN-13, barkodi ya tarakimu 13 ya bidhaa za dukani, ni milimita 37.29 kwa 25.93, pamoja na nafasi tupu za pembeni, na usishuke chini ya asilimia 80. Mistari ielekee kule nailoni inakokimbilia kwenye mtambo, la sivyo wino ukivutwa unainenepesha. Isikaribie mshono wala mkunjo.

Jambo ambalo wasanifu wengi hawalifikirii ni jinsi duka la mtaani linavyopanga bidhaa. Pakiti hulazwa kwenye rafu ya juu, na mteja aliye kaunta huona ubavu wa sentimita 10 tu. Kwetu jina lilikuwa usoni peke yake, yaani mahali lisipoonekana! Sasa liko kwenye mbavu zote mbili, kwa herufi za sentimita 6. Mstari wa mkunjo wa ubavu unapita katikati ya herufi, lakini roli zikiingia unanyooka. Idadi ya tabaka na ya karatasi kwa kila roli tumeiweka usoni.

Tena mwenye duka huuza roli moja moja. Tuliomba mstari wa vitobo wenye umbo la upinde kwenye ncha moja, ili roli mbili za mwanzo zitoke na zilizobaki zisimwagike. Vitobo vya kwanza vilikuwa mbali mno, mtu anaishia kutumia kisu na kukata tishu. Vya pili vilikaribiana kupita kiasi, pakiti zikafunguka ndani ya balo safarini. Sampuli ya tatu ndiyo iliyokubalika, na hawakudai nyongeza, jambo ninalowashukuru. Kila roli ina karatasi yake ya rangi moja, ncha zake zimeingizwa kwenye tundu la roli. Bila hiyo, roli ikishatoka kwenye pakiti inakuwa haina jina, na vumbi la barabarani linaishia kwenye tishu.

Wino ulishika vizuri. Kuujaribu, bandika selotepu juu ya rangi, bonyeza kwa kidole, kisha ivute ghafla. Ikitoka na rangi, uso wa nailoni haukuandaliwa kwa umeme ipasavyo au ulikaa stoo muda mrefu baada ya kuandaliwa. Rudisha mzigo huo, maana pakiti zitasuguana kwenye lori na kufika na jina nusu.

Oda ya pili nimeiweka kwao, kwa sharti la maandishi: mtambo hauwashwi kabla sampuli 20 hazijajazwa roli, kulazwa rafuni ubavu ukionekana, kufunguliwa kwa mkono na kusomwa barkodi.