Scratch kwenye kishikwambi cha sensa: uzoefu wangu darasani Bahi

Nianze na kilichonishinda. Mwaka jana nilifungua tovuti moja ya bure ya kujifunza kuchapa, nikaunganisha kompyuta mpakato yangu na simu, nikawaita mbele watoto sita wa darasa la sita. Hata dakika tatu hazijaisha, likatokea tangazo la kubeti, kubwa kuliko kibodi iliyochorwa pale. Likafuata jingine, hili la video. Kipindi kimoja kikamaliza bando langu la wiki, na mtoto aliyefika mbali kuliko wenzake alikuwa ameandika jina lake na nusu ya jina la babake. Bure hiyo ilinigharimu.

Nafundisha hisabati shule ya msingi wilayani Bahi, ukishika barabara ya Singida kutoka Dodoma mjini. Chumba cha kompyuta hatuna. Tulichonacho ni vishikwambi, vile vya Sensa ya 2022 ambavyo baadaye waligawiwa walimu. Changu, nikiri tu, kilikuwa cha kuangalia mpira.

Baada ya balaa la matangazo nikaihamia Scratch. Imetoka MIT kule Marekani, ipo tangu 2007, na mtoto anatunga programu kwa kupachika vipande vya rangi badala ya kuandika msimbo: vya bluu vinamwendesha mhusika, vya zambarau vinambadilisha sura, vya njano vinasema kazi ianze lini. Kilichonivuta ni kwamba ipo ya kusakinisha, na ukishaisakinisha haikudai tena intaneti. Nilikwenda kuipakua mjini kwa waifai ya shemeji yangu, Area D. Kompyuta yangu kuukuu ya Windows 7 ikaikataa, maana inataka Windows 10 kwenda juu. Vishikwambi vikaipokea. Nilikuwa na changu na viwili vya kuazima, na mwenye kimoja aliniapisha kwanza kwamba picha za harusi yake haziguswi.

Vishikwambi vitatu, wanafunzi 58. Tulikata maboksi ya sabuni, tukayapaka rangi zilezile, makundi yakapanga maagizo mezani kwanza ndipo yakaja kwa zamu kuyajaribu. Nilifanya hivyo kwa shida tu, lakini sasa hata nikipewa vishikwambi ishirini maboksi siyaachi. Kundi lililobishana mezani linafika kwenye kioo likijua linachotafuta.

Lugha unabadilisha kwa kugusa alama ya dunia, Kiswahili kimo. Maneno mengine ilibidi niyaeleze upya, ila hakuna aliyekwama kwa sababu ya Kiingereza, na hilo kwangu ni kubwa.

Sasa hisabati. Jukwaa la Scratch, yaani pale mhusika anapotembea, lina sifuri katikati. X inaanzia -240 kushoto hadi 240 kulia, y inaanzia -180 chini hadi 180 juu. Miaka yote nimefundisha namba hasi kwa mifano ya madeni na ya baridi iliyo chini ya sifuri. Mtoto wa Bahi baridi hiyo ataionea wapi? Hapa hasi ni kushoto, basi, na paka, mhusika anayekuja na Scratch yenyewe, anaonekana akienda. Kijana mmoja akaandika x iwe 1000. Paka akaishia ukingoni, kipande chake kikabaki kinachungulia. "Mwalimu, amegoma!" Programu haimruhusu mhusika atoke nje kabisa, lakini sikuwaambia. Niliwaacha wapunguze namba wenyewe mpaka wajue anagomea wapi.

Kundi la tatu walimkataa paka, wakachora mbuzi. Wakamwamuru atembee, akigusa ukingo ageuke. Akageuka kweli, akarudi miguu ikiwa juu. Darasa likalipuka, mmoja akatangaza kwamba ameshachinjwa. Na mimi sikuwa na jibu. Usiku nikahangaika nacho hadi nikakuta kipande cha bluu kinachopanga namna ya mzunguko: ukichagua kushoto na kulia pekee, mbuzi anageuza uso tu. Nilipowapelekea siku ya pili, wawili wakaomba waachiwe yule wa miguu juu.

Unaweza pia kurekodi sauti. Wasichana wa kundi la kwanza walipiga mdundo wa muheme, ngoma ya Wagogo, kwenye dawati, wakauweka mahali pa mlio wa paka. Mwalimu wa chumba cha pili alikuja kuuliza kuna nini.

Kasoro zipo. Kioo ni kidogo, kidole kinafunika kipande unachokibeba na kinaangukia kusikotakiwa. Kazi usipoihifadhi mwenyewe inapotea. Chaji iliwahi kuisha, kundi zima likaanza upya, na mmoja alilia. Kama unatafuta kitu cha kukusahihishia na kukupa alama, hiki sicho.

Nikifundisha sehemu, yaani nusu, robo na kadhalika, natumia PhET, mazoezi ya kompyuta ya hisabati na sayansi ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Unapakua zoezi moja moja na linafunguka bila mtandao, hata kwenye ile kompyuta yangu kuukuu, na mengine yana Kiswahili. Ni nzuri, ila pale mtoto anachezea kilichotengenezwa na mtu mwingine.

Muhula ujao nimeomba chumba cha darasa la saba, maana ndicho chenye soketi mbili. Moja haifanyi kazi. Fundi amesema Jumamosi.