Kofia ya mpira ya lenzi kwa picha za dirisha la treni: uzoefu wangu kati ya Mbeya na Mlimba

Ninayoizungumzia ni ile ya silikoni nyeusi, laini, yenye mdomo mpana. Unaivalisha kwenye lenzi, kisha mdomo wake unagusishwa kwenye kioo cha dirisha. Ipo pia ya raba inayofungwa kwa meno mbele ya lenzi. Hiyo inataka kipenyo kilekile cha lenzi yako (52, 58, 67, namba iko mdomoni mwa lenzi baada ya alama ya Ø), na ukipiga kwa milimita 18 (lenzi ikiona kwa upana) huku umeikunjua yote, pembe za picha zinaingia giza. Kwa treni ya TAZARA naipa ya silikoni nyota nne.

Kazi yake ni moja tu: kuziba mwanga wa ndani ya behewa. Shati jeupe la abiria wa mbele au taa ya dari vikijiakisi kwenye kioo, vinatokea katikati ya mlima na huvifuti kirahisi baadaye. Mdomo ukigusa kioo pande zote, akisi zinaisha. Gusisha, usikandamize. Ukiegemeza kamera au kiwiko kwenye fremu ya dirisha, mtetemo wa behewa unapanda moja kwa moja hadi kwenye picha.

Dirisha likifunguka, kofia ibaki kwenye begi, ila kamba ya kamera iwe shingoni, na kichwa, mikono na lenzi vibaki ndani. Majani na matawi hupita karibu kuliko unavyodhani. Lakini Juni na Julai asubuhi, kuanzia Uyole, ambako reli inafika takriban mita 1,790 juu ya usawa wa bahari, fungua dirisha uone kama wenzako watakuvumilia. Hapo ndipo kofia inapolipa hela yake. Pumzi za watu hutia ukungu kwenye kioo, kwa hiyo futa kwa kitambaa kikavu kila mara kabla ya kugusisha. Vumbi la nje liondoe treni ikiwa imesimama, kwa kitambaa kilicholowa maji kidogo. Ukisugua kikavu unakichora kioo.

Kofia haitibu mwendo, na picha nyingi mbovu za treni zinaharibiwa na mwendo, akisi hazihusiki. Treni ikienda kilomita 50 kwa saa inasogea karibu mita 14 kwa sekunde. Kwa shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya 1/500 ya sekunde imeshasogea sentimita 2.8. Mlima Loleza, ulio juu ya mji wa Mbeya, kwa mbali haujali, 1/500 inatosha na kubaki. Muuza ndizi aliyesimama mita kumi kutoka kwenye reli atatoka kama kivuli, huyo anataka 1/2000. Weka shata kwanza, acha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ijipange yenyewe hadi 3200. Fokasi iweke kwa mkono mbali kabisa, la sivyo kamera itashika mchirizi wa kioo badala ya mlima. Kwa simu, gusa mlima kwenye skrini ushikilie mpaka fokasi ijifunge. Nguzo zikitoka zimelala upande, simu si mbovu: kihisi chake kinasoma picha mstari kwa mstari wakati treni inakimbia.

Upande wa kukaa una uzito kuliko kifaa chochote. Ukitoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, mwanzoni Loleza uko kushoto. Baada ya Inyala, kulia kuna ukuta wa milima ya Uporoto na Kipengere, kushoto unafunguka uwanda wa Usangu wenye mashamba ya mpunga ya Igurusi na Chimala. Katikati ya mwaka jua linapita kaskazini, kwa hiyo milima ya kulia inaangaziwa vizuri na Usangu unaupiga ukitazama mwanga. Desemba saa sita mchana jua liko karibu utosini, picha zinakuwa bapa pande zote, bora ule chakula. Kuanzia Agosti moshi wa nyasi zinazochomwa unafuta milima ya mbali. Filta ya polaraiza (kioo cha mbele ya lenzi cha kupunguza mng'ao) husaidia kidogo, lakini inakula mwanga, na juu ya kioo kilichokomazwa kwa joto au plastiki ngumu inatoa madoa ya rangi za upinde wa mvua.

Baada ya Makambako reli inashuka kuelekea Mlimba kwa mahandaki na madaraja mengi, na hapa kamera iliyoachwa ijipimie mwanga hushindwa. Ikitoka gizani, fremu za kwanza ni nyeupe tupu. Pima mwanga ukiwa nje, hamia kwenye M (hali ya kupanga mwanga mwenyewe), weka ISO 400, tundu la lenzi f/8 na shata 1/1600 kama kuna jua, kisha usiguse. Kuhusu kupiga stesheni, madaraja na wafanyakazi, muulize mhudumu wa behewa kwanza.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu silikoni inanasa vumbi jekundu na nyuzi za nguo, na uchafu huo unahamia kwenye kioo. Ioshe kwa maji ya sabuni, ikaushe kivulini. Pia kwenye lenzi nyembamba inalegea na kuvuka mbele ya picha, kwa hiyo ijaribu dukani ukiwa na lenzi yako mkononi.