Lenzi ya 85 niliyouziwa Kariakoo imemfuta bibi wa watu

Hasira hii ninayo tangu kabla ya Ramadhani. Kila nikitaka kuandika naona nitatukana, naacha. Leo naandika hivyo hivyo.

Lenzi yenyewe ni ya milimita 85, inafunguka hadi 1.8, mtumba, ya zile za zamani ambazo vibati vya ndani, vinavyopanua na kubana tundu la mwanga, vinaongozwa na kijiti cha chuma kinachosukumwa na kamera. Niliitolea hela ya harusi mbili. Uzito wake na idadi ya vioo vyake mtajitafutia wenyewe. Mimi nina habari ya picha moja.

Harusi ilikuwa Ngamiani, Tanga, kwa watu ninaoheshimiana nao. Alasiri wakasema tupige ya ukoo mzima. Watoto wakaketi mkekani, maharusi kwenye viti, na bibi yake bi harusi, ambaye hawezi kusimama muda mrefu, akakaa barazani nyuma yao, kama hatua mbili hivi. Mahali pake pa kila siku. Zumu, lenzi ya kuvuta karibu na mbali, alikuwa nayo mwenzangu ndani, basi nikarudi nyuma hadi ukuta wa jirani, mita nane hivi, na hii 85 mkononi.

Nikaweka 8, maana namba ikipanda tundu linabana. Anayepiga picha anajua kwa nini. Kwa umbali ule, ukiacha lenzi wazi kwenye 1.8, sehemu inayotoka vizuri haifiki hata mita moja, mbele na nyuma kwa jumla. Ukifunga hadi 8 unapata mita nne na zaidi. Watoto, maharusi, bibi, mlango, wote wanaingia. Ndiyo maana lenzi ikawekewa vibati vya kufunga na kufungua. Si pambo.

Picha ya kwanza ikaungua, nyeupe tupu. Ya pili vilevile. Watu wanatoka jasho, mtoto analia, mjomba anauliza, "Vipi fundi, bado?" Nikadhani jua limenizidi, nikapandisha spidi ya shata, lile pazia la kamera linalopitisha mwanga, kutoka 1/200 ya sekunde mpaka mwanga ukakaa sawa. Nilifika 1/4000. Pale pale ningeshtuka! Alasiri ile, kwenye 8, spidi ya 1/4000 ilitakiwa kutoa giza. Lakini skrini ya nyuma ya kamera ni ndogo, jua limeipiga, nyuso zote zinaonekana nzima. Nikasema tayari, Mungu awabariki.

Usiku nyumbani nikaifungua kwenye kompyuta. Maharusi safi, unahesabu shanga. Bibi hayupo. Yaani yupo, kanga yake ya njano ipo, mikono ipo magotini, ila uso ni moshi. Pale penye macho kuna vivuli viwili.

Nikaichomoa lenzi, nikaielekeza kwenye taa, nikakigusa kile kijiti kwa ukucha. Kwenye lenzi nzima ukikiachia, vibati vinafunga papo hapo, huwezi kuufuata mwendo wake kwa jicho. Hivi vilitambaa. Vimelowa mafuta, vinang'aa kama jani la mgomba baada ya mvua, kimoja kinamkokota mwenzake. Mpaka vinafika katikati, shata imeshafunguka na kufungwa zamani. Kamera iliamuru 8, lenzi ikabaki wazi, na mimi kwa spidi yangu nikaifichia ugonjwa wake.

Kwenye kamera ya kioo, ile unayotazama kupitia lenzi yenyewe, huwezi kuliona hilo kwa kuchungulia, kwa sababu unapotazama, lenzi huwa wazi wakati wote ili upate mwanga wa kulenga. Inafunga pale tu unapobonyeza. Kuna kitufe kidogo pembeni ya lenzi ambacho ukikishika inafunga mapema, na dirisha unalochungulia linaingia giza. Lisipoingia giza papo hapo, lenzi imekufa. Wengi wetu tunazo kamera zenye kitufe hicho na hatujawahi kukigusa. Mimi nilikuwa mmoja wao, na inaniuma.

Basi nikapanda basi kurudi Dar, dukani. Jina silitaji. Yule bwana hakuniambia hata karibu. Akaipokea, akaipuliza, akaivisha kwenye kamera yake, akapiga kalenda ya ukutani. "Ona. Inakata kama wembe." Amepiga kwenye 1.8! Wazi kabisa, mahali ambapo vibati havina kazi yoyote! Nikamwambia afunge hadi 8. Akachukua picha yangu akasoma maelezo yake: "Mbona imeandikwa 8 hapa? Lenzi imefunga. Dogo, kajifunze kupiga kwanza."

Dogo. Nimepiga harusi tangu enzi za filamu za picha 36, ukikosea hurudii. Nikamweleza kwamba kamera inaandika ilichoamuru, haiandiki kilichotendeka. Nikamwonyesha ile 1/4000. Akageukia mteja mwingine, akaanza kumsifia lenzi nyingine, mimi nimesimama pale na ya kwangu mkononi kama niliyeiokota.

Ingekuwa imeishia hapo, ningesema tu msinunue. Lakini nilipeleka lenzi kwa fundi saa mmoja wa Tanga, mzee, macho yake bado makali. Akaifungua kwa nyuma, akavitoa vibati kimoja kimoja, akaviosha kwa petroli ya kujazia viberiti vya utambi, akavipanga upya bila kuweka tone la mafuta. "Humu mwanangu mafuta hayatakiwi. Yametoka kwenye nyuzi za kulengea, joto limeyayeyusha." Akakigusa kijiti. Tap! Nilisikia mwili wote.

Nikaenda kwa yule bibi kuomba radhi. Nilipomwamkia aliniitikia "Marahaba mjukuu wangu," akaniuliza kwa upole, "Yule aliyekaa barazani kwenye picha ni nani?" Sikuwa na jibu. Nikamwomba akae mlangoni nimpige peke yake, mita mbili, 1.8 kwa kupenda kwangu safari hii. Kwa umbali huo inabaki kama sentimita sita tu. Macho yametoka, kila mkunjo, na utando mweupe wa uzee kwenye mboni, kisha ukingo wa kanga unalainika, na mlango nyuma unayeyuka kama maziwa. Sijapiga sura nzuri kuliko ile. Simu inayokisia ukungu huo kwa programu ingemkata kanga sikioni. Hii haikisii, ni kioo na mwanga. Siku ile niliisamehe, nikaanza hata kuandika kwamba inunueni, mkaioshe tu.

Lakini mama yake bi harusi alipoiona alisema, "Nzuri, mwanangu. Ila sisi hatumo." Na ni kweli. Bibi anayo picha yake, maharusi wanayo yao, na ile ya pamoja haipo. Bi harusi ameshahamia Mwanza, bibi hasafiri tena.

Na juzi, baada ya lenzi kushinda kwenye buti la gari juani, nimekigusa kijiti. Kimekuwa kizito tena. Kidogo, lakini kizito.

Kwa hiyo nyota mbili. Hapana, tatu ni za kioo, na dukani sitoi hata moja. Nilipopita Kariakoo nimeona ameweka nyingine kama hii dirishani. Ukiiona, usikubali akupigie kalenda. Mwambie afunge hadi 16 mbele yako, weka jicho kwenye kioo cha mbele, abonyeze mara kumi mfululizo. Akikuita dogo, ondoka.